Homa ya Kitanda Kimoja

Zita alikuwa mtu wa kupima. Mpe sufuria ya uji na vikombe viwili, atamimina huku, atamimina kule, kisha atainama mpaka macho yake yawe sawa na ukingo wa vikombe, na akiona kimoja kimezidi hata kidogo atachota kwa kijiko na kurudisha. Vikombe vyenyewe vilikuwa vya plastiki, vya bluu, vya ukubwa mmoja, alivinunua mnadani Katesh. Majirani pale Gehandu walimcheka sana. Waache wacheke. Mwanamke anayelea mtoto wa marehemu pamoja na wa tumbo lake hawezi kumimina uji huku anatazama pembeni.

Marieta, mwenye miaka sita, alifiwa na mama yake akiwa hajatimiza hata mwezi. Alfredi, mwenye miaka mitatu, Zita alimzaa mwenyewe. Baba yao ni mmoja, Herman, mtu mpole wa ng'ombe na alizeti, ambaye ukimuuliza jambo leo anakujibu kesho. Watoto walilala kitanda kimoja, chandarua kimoja, blanketi moja. Mmoja akinunuliwa viatu, na mwenzake ananunuliwa siku hiyohiyo. Na mtu akimwita Zita "Mama Alfredi", kama karibu wote walivyomwita, aliacha alichokuwa anafanya.

"Mama Marieta," alisema. "Mtoto wa kwanza wa nyumba hii ni Marieta. Mimi naitwa kwa jina hilo."

Watu walisema ndiyo, ndiyo, samahani. Kesho yake wanamwita Mama Alfredi tena.

Aliyegoma kabisa ni Bibi Fransiska. Huyu ndiye mama mzazi wa marehemu, mjane wa Bashay kule Mbulu, na Marieta alikuwa kumbukumbu pekee aliyobaki nayo ya binti yake. Alikuja Gehandu mara mbili kwa mwaka, na hakuja kusalimia, alikuja kukagua. Alimvua mtoto kofia akatazama kichwa, alimpandisha shati akapapasa mbavu. "Amekonda," alisema, hata mwaka ule Marieta alipokuwa na mashavu ya kupasuka. Kwa Zita hakuwa na jina lolote. Alimwita "wewe". Na Zita, ambaye mdomo wake hakuna asiyeujua pale kijijini, alijibu "Ndiyo, mama," akaenda jikoni kusukuma kuni motoni kwa hasira.

Sasa, mwaka huo masika yaligoma kukatika. Maji yalituama kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali nyuma ya nyumba, na mbu wakazaliana mpaka mtu anawasikia akiwa amekaa sebuleni. Jumatatu moja watoto waliamka wote wawili wanachemka. Zita alichukua panado, akavunja katikati, nusu huku na nusu kule. Akawafuta kwa kitambaa cha maji, huyu mara tatu, huyu mara tatu. Akawapikia uji wa ulezi, na wote wawili wakaukataa.

Kosa lilikuja Jumanne.

Asubuhi hiyo Alfredi alishuka kitandani mwenyewe, akala kiporo cha makande, akatoka nje kumfukuza jogoo. Marieta alibaki amelala, akaomba maji, akayatapika. Zita alisimama mlangoni, akamtazama mmoja aliye nje na mmoja aliye ndani, na akafikiri hivi: mbu ni walewale, kitanda ni kimoja, dawa nimewapa sawa, wameanza saa ileile. Mmoja akiamka, na mwenzake anaamka. Atachelewa tu kidogo. Tena Herman alikuwa amekwenda mnadani na ng'ombe. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Zita alikuja kulisema baadaye bila kujificha: kumkimbiza mmoja hospitali na kumwacha mwenzake, kwake yeye, kulikuwa kumimina kikombe kimoja zaidi ya kingine. Miaka sita alikuwa amejizoeza asifanye hivyo. Basi akasubiri.

Saa nane mchana Marieta aligeuza macho yakabaki meupe, akakaza mikono, akaanza kutikisika.

"Sebastiani!" Zita alipiga kelele, na jirani yake Sebastiani, ambaye namshukuru Mungu alikuwa anaosha pikipiki yake, hakuuliza swali. Zita alipanda na Marieta kifuani na Alfredi mgongoni. Ndiyo, na Alfredi. Hata katika hali ile hakuweza kumbeba mmoja tu.

Hospitali walipimwa wote wawili, kila mmoja akatobolewa kidole. Malaria, na malaria. Marieta alichomwa sindano kwenye mshipa, akawekewa dripu, na jioni Herman alipofika na tope la mnada alilazwa moja kwa moja kwenye kitanda cha pembeni atoe damu, kwa sababu mwanawe alikuwa amepungukiwa damu mpaka viganja vimepauka. Alfredi alipewa dawa ya mseto ya kumeza. Alimeza, akakunja uso, akaomba andazi.

Siku ya pili, wakati Marieta bado hajui yuko wapi, alikuja nesi wa kike aliyejifunga ushungi wa kijani, na karatasi mkononi. Aliitwa Shamsia, mtoto wa watu wenye duka la vitambaa Dongobesh, na alikuwa kwenye utafiti wa watoto wenye malaria. Alisalimia vizuri, akavuta kiti.

"Mama Alfredi, pole sana."

"Mama Marieta."

Shamsia alitazama karatasi yake. Akachukua kalamu, akakata, akaandika upya. Zita alimpenda kuanzia hapo.

"Mama Marieta," Shamsia alisema, "nikuambie kitu kilichonishangaza. Tumehesabu wadudu wa malaria kwenye damu ya watoto wako. Mwenye wadudu wengi zaidi si huyu aliyelala. Ni yule." Akaonyesha mlangoni, ambapo Alfredi alikuwa anavuta kigari cha dawa kisichomhusu. "Sisi tunataka kujua kwa nini huyu amelala na yule anakimbia. Tunaomba damu kidogo ya watoto, na ya wazazi. Ukikataa, matibabu hayabadiliki hata kidogo."

"Mimi ndiye ninayetaka kujua hilo kuliko ninyi," Zita alisema, na tayari alikuwa amekunja mkono wa gauni. "Andika. Chukua. Ukitaka na ya jogoo nyumbani nitakuletea."

Ila kwa Marieta damu ya Zita haikuwa na kazi, na mama mzazi alikuwa kaburini. Shamsia akauliza kama kuna ndugu wa damu upande wa mama. Na kabla Zita hajajibu, ndugu mwenyewe akaingia.

Bibi Fransiska alikuwa amepata habari usiku, akapanda gari alfajiri Dongobesh, na sweta la Bashay bado liko mwilini. Alisimama kwenye mlango wa wodi. Kulia aliona kitanda, na dripu, na mjukuu wake mdogo ndani ya shuka. Kushoto aliona Alfredi, amekaa sakafuni, anakula andazi la pili. Hakuna aliyemweleza kitu na hakutaka kuelezwa.

"Shikamoo mama," Zita alisema akipiga goti.

Bibi hakuitikia. Mtu mzima kuacha shikamoo ya mtu ikaning'inia hewani mbele ya wodi nzima! Wanawake wa vitanda vya jirani waliinamisha vichwa.

"Wa kwako anakula maandazi," Bibi alisema. "Wa mwanangu unamzika."

Shamsia alijaribu kuingilia kwa adabu. Alimwamkia, akamkalisha, akamweleza habari ya damu, akafika kwenye swali la kwanza la karatasi. "Bibi, umezaa watoto wangapi?"

"Mmoja," Bibi alijibu haraka. "Amekufa. Na damu yangu sitoi. Mtoto huyu akipona, namchukua. Bashay kuna baridi, hakuna mbu, na hakuna mama wa kambo. Mwambieni Margwe aitishe kikao."

Mzee Margwe ndiye baba mdogo wa Herman, mkubwa wa ukoo wao. Alipopata habari alitikisa kichwa, akasema bibi ana haki ya kusikilizwa, na akapanga siku. Herman alipoulizwa anaonaje, alisema atafikiria.

Siku ya nne Marieta alifungua macho akaomba uji. Zita aliingia chooni, akafunga mlango, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Alilia kwa furaha, na alilia kwa hofu pia, kwa sababu sasa mtoto amepona, na aliyepona anaweza kuchukuliwa. Miaka sita! Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, akimwita kutoka ng'ambo ya ua. Yeye ndiye anayejua kwamba Marieta halali mpaka ashike sikio la mtu. Huko Bashay atashika sikio la nani? Alinawa uso, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka, akajiambia, "Hapana. Huyu haondoki." Tangu hapo hakulia tena, alianza kujipanga.

Kwanza alimuuliza Shamsia kila kitu. Alimfuata mpaka kwenye chumba cha chai. Shamsia alimweleza, Zita akamwambia arudie, akarudia, na Zita akamweleza yeye tena kwa maneno yake mwenyewe mpaka nesi akacheka. Pili, aliposikia kwamba Shamsia hutembelea kila mtoto nyumbani siku ya ishirini na nane kuchukua matone ya damu ya mwisho, alihesabu kwa vidole, kisha akaenda kwa Mzee Margwe na kuku mkononi, akamwomba kikao kisogezwe siku mbili, kiangukie siku hiyohiyo.

"Kuna sababu?" mzee aliuliza.

"Ipo, baba. Utaiona."

Siku ya kikao watu walikaa uani kwa Herman, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Mzee Margwe alikaa katikati. Bibi Fransiska alikaa peke yake upande mmoja, na begi dogo la nguo miguuni. Lilikuwa tupu, tena alikuwa ameacha zipu wazi ili kila mtu alione. Marieta, aliyekuwa ameanza kurudisha mwili, alipelekwa pamoja na Alfredi kwa jirani Sebastiani. Shamsia alifika kwa bodaboda, akashangaa kukuta umati.

"Mama Marieta, mimi nimekuja kuchukua damu," alinong'ona. "Sikuja kutoa ushahidi kwenye kesi ya mtu."

"Wala sitaki ushahidi. Nataka uwaeleze ulichonieleza mimi. Kaa, unywe chai."

Bibi alianza. Alisema vizuri, lazima nikiri. Hakupiga kelele, hakutukana.

"Homa moja," alisema. "Kitanda kimoja. Siku moja. Mtoto mmoja anacheza, mwenzake anakufa. Tofauti ni nini kama si mkono wa anayewalisha? Mimi nauliza hilo tu. Mwenye jibu anipe."

Benchi zima liliguna. Hata mashangazi wa Herman, wanaokula kwa Zita kila Jumapili, walitazama chini. Maana kweli, jibu lilikuwa wapi? Mzee Margwe alimgeukia Herman. Herman alikohoa. Zita akainuka bila kungoja, akaingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya bluu, akaviweka mezani mbele ya mzee.

"Kwanza nitasema kosa langu, ili asije mtu akanisaidia kulisema," alianza. "Siku ya pili huyu mdogo aliamka na mkubwa hakuamka. Nikasubiri. Kuanzia asubuhi mpaka saa nane nilisubiri, nikijua wameanza pamoja basi watamaliza pamoja. Niliwapimia homa kama ninavyowapimia uji kwenye vikombe hivi. Nilikosa. Nilikosa vibaya sana, na mtoto alikaribia kufa kwa ajili hiyo, na hilo nitaliombea msamaha mpaka nizeeke. Lakini kumnyima? Mimi? Aliyewahi kuniona nikimnyima Marieta asimame sasa hivi."

Hakuna aliyesimama. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Hapo mnyonge mnyongeni, huwa hamnyimi."

"Sasa nesi atasema."

Shamsia aliweka kikombe cha chai chini. Alikuwa na aibu mwanzoni, lakini alikuwa mtoto wa dukani, amezoea kueleza kitu mbele ya watu wanaobisha.

"Shikamooni wazee wangu," alisema, wakaitikia. "Mwili wa mtoto una ulinzi wake. Tuseme ni mgambo. Mdudu wa malaria akiingia kwenye damu, mgambo wanaamshwa. Lakini amri wanazofuata, mtoto amezaliwa nazo. Nusu amepewa na baba, nusu na mama, na tunaziita vinasaba. Na amri hazifanani. Kuna mtoto ambaye mgambo wake wanatoka mapema, wanamzuia mdudu, wakimaliza wanarudi kulala. Kuna mwingine wanachelewa. Na kuna mwingine wanatoka kwa hasira mno, wanawasha moto, hawajui kuuzima, na mwili wenyewe ndio unaoungua. Mdudu ni yuleyule. Anaweza hata kuwa mchache zaidi. Siku ile hospitali Alfredi alikuwa na wadudu wengi kuliko dada yake, na alikuwa anatuibia kigari cha dawa."

Watu walicheka, isipokuwa Bibi.

"Kwa hiyo mnasema mwanangu alimpa mtoto wake damu mbaya," alisema.

"La, bibi, hapana. Hakuna damu mbaya. Amri hiyohiyo inayomwelemea mtoto kwenye malaria inaweza kumwokoa kwenye ugonjwa mwingine. Tena sijui Marieta ana amri ipi. Utafiti wetu ni wa watoto mamia, unatazama wote kwa pamoja, hautoi hukumu ya mtoto mmoja. Na si vinasaba peke yake. Kuna lishe, kuna umri, kuna kuwahi au kuchelewa dawa. Lakini kitu kimoja nakisema bila kusita. Watoto wawili wa chandarua kimoja wanaweza kupata homa moja, mmoja akacheza na mwenzake akawekewa dripu, na mkono unaowalisha ukawa safi kabisa. Nimeshawaona. Nimewaona wengi, na wengine ni wa mama mmoja na baba mmoja."

Mzee Margwe alisugua magoti. "Basi hata kama ni hivyo," alisema polepole, "bibi anasema kwake hakuna mbu. Si ndiyo salama zaidi kwa mtoto wa namna hiyo?"

Hapa ndipo Zita alipokuwa anaogopa. Usiku mzima aligeuza swali hilo, maana lilikuwa swali la haki.

"Bashay kuna baridi, sikatai," alisema. "Lakini baba yake yuko huku. Nani atamkataza mtoto asimwone baba yake? Mtoto atashuka tu. Likizo atashuka, arusi atashuka, msiba atashuka. Na siku hiyo atashuka amesahau mbu, mwili wake umeacha kuwazoea, na atakuwa na nani anayeijua homa yake? Mimi sasa naijua. Nimeiona ikianza, nimeiona ikigeuza macho. Sitaisubiri tena hata nusu saa. Mama, mtoto wa Bashay akishuka huku chini anashuka na nini cha kumkinga?"

Bibi Fransiska alitazama begi lake.

"Wewe binti wa karatasi," Bibi alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Wale uliosema umewaona. Wanaweza kufa wawili nyumba moja? Watatu?"

"Wanaweza, bibi."

"Na wa jirani wasife?"

"Na wa jirani wasife."

Bibi alivuta pumzi. "Tulishuka Mang'ola, kule bondeni, kulima vitunguu," alisema. "Mume wangu alisema tukalime msimu mmoja tu, tupate mabati. Tulishuka na watoto wanne. Kulikuwa na mama mmoja mwenyeji wa kulekule, shamba lake limepakana na letu, watoto wake na wangu walikuwa wanaoga mfereji mmoja. Homa ikaja. Wake walilala siku mbili wakaamka. Wangu walikufa watatu kabla vitunguu havijang'olewa. Akabaki mdogo, mama yake Marieta, ambaye hata kikohozi hakupata. Tuliporudi Bashay, mama mkwe wangu alisimama mbele ya watu, akauliza. Alisema, watoto wa mwenzako wanacheza, wa kwako wanakufa. Tofauti ni nini kama si mkono wako?"

Kila mtu alikuwa ameyasikia maneno hayo muda mfupi tu uliopita, na aliyeyasema alikuwa yeye.

"Nilitengwa," aliendelea. "Nilichota maji peke yangu mpaka mvua ya pili. Na mume wangu, Mungu amrehemu, hakusema kitu. Na mimi nikaamini. Ndiyo, niliamini! Nikasema labda sikuwafunika vizuri, labda uji haukuiva, labda nililala mno baada ya jembe. Miaka thelathini na minane nimejiuliza ni lipi nililowafanyia. Mtu akiniuliza nimezaa wangapi, nasema mmoja. Ukisema wanne wanakuuliza wengine wako wapi."

Zita alikuwa ameshapiga magoti mbele yake bila kujua alifikaje pale. Hakuthubutu kumgusa. Hasira zote za miaka sita zilikuwa zimemtoka, na mahali pake paliingia huruma.

"Bibi," Shamsia alisema, "mimi sikuwepo. Siwezi kuapa ni nini kiliwaua. Lakini watoto wa milimani wanaoshuka bonde la malaria kwa mara ya kwanza, miili yao haijawahi kumjua mdudu huyu, na hayo niliyoyaeleza... Ungekuja hospitali na habari hiyo leo, hakuna hata mmoja wetu angekuuliza habari ya mkono wako. Hata mmoja."

Bibi alimtazama kwa macho makavu, yaliyokuwa yanasubiri kama kuna neno jingine. Halikuwepo. Akaanza kupandisha mkono wa sweta, polepole, mikunjo mitatu, mpaka juu ya kiwiko.

"Lete karatasi yako," alisema. "Uliza lile swali tena."

Shamsia alifungua mkoba, akapekua, akaipata. Kalamu ilimponyoka, akaiokota. "Bibi, umezaa watoto wangapi?"

"Wanne. Tluway. Basilisa. Danieli. Na Veronika, aliyekuzalieni Marieta. Andika."

Karatasi ilikuwa na kisanduku kidogo tu cha namba. Shamsia aliandika nne, kisha akageuza karatasi na kuandika majina yote pembeni, herufi kubwa, akamsomea bibi mpaka akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Mzee Margwe alivua kofia. Herman, wa kujibu kesho, alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili na mabega yanatikisika.

Hakuna aliyetamka kwamba kikao kimekwisha. Shangazi mmoja aliinuka akaenda kuangalia nyama iliyokuwa inachemka jikoni, wengine wakamfuata. Watoto waliporudi kutoka kwa Sebastiani, Marieta alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake na Bibi akamvua kofia, akamtazama kichwa, akampandisha shati, akapapasa mbavu moja moja. Zita alisimama karibu akitazama.

"Ana mwili," Bibi alisema.

Alilala palepale siku hiyo. Asubuhi alimkuta Zita jikoni na vikombe viwili na sufuria, ameinama kama kawaida yake, macho sawa na ukingo. Bibi aliuchukua upawa mkononi mwa Zita bila kuomba, akajaza cha Marieta mpaka juu, cha Alfredi akaishia kati.

"Huyu alipungukiwa damu," alisema. "Mwenzake ameshiba maandazi."

Zita alicheka, na Bibi naye, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Walimsindikiza mpaka barabarani. Gari la Dongobesh lilipotokea, Bibi alimbusu Marieta, akamshika Alfredi kichwa, akapanda, akakaa dirishani na begi lake tupu mapajani. Dereva alishaanza kuondoa gari. Bibi akagonga bati kwa kiganja, gari likasimama, akatoa kichwa nje.

"Akichemka huyu, usimsubiri mwenzake," alisema kwa ukali uleule wa siku zote. "Unambeba peke yake, mbio. Umesikia, Mama Marieta?"